SOMO LA TISA: KUJUMLISHA SAFU ZA DAFTARI LA KAHAWA

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mwalimu awe na ubao na chaki. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu ya risasi.)

Natumaini mbuzi wamekwisha fungwa na chungu kimekwisha epuliwa, maana somo la leo lataka mikono iwe mitupu ili ishike kalamu.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kujumlisha tarakimu zilizopangwa moja chini ya nyingine, makumi chini ya makumi, mamoja chini ya mamoja. Wengi wenu kazi hiyo mwaijua sasa. Leo tunajifunza jambo linalotangulia kujumlisha, nalo ni hili: kabla hujaanza kutia jumla, hesabu yako utaiweka wapi, na kwa umbo gani? Utaiweka katika kisanduku kimoja pembeni mwa karatasi? Katika visanduku vichache vyenye majina? Au katika daftari lenye ukurasa wa kila mtu? Wako wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya karani peke yake. Mimi nasema sivyo, maana umbo likikosewa, anayepata hasara si karani, ni mwenye kahawa.

Mnajua jinsi kahawa inavyokwenda. Mkulima huanika kahawa yake ikakauka, akaipeleka chama cha msingi ikiwa na maganda yake. Karani huipima kwa mizani, huandika kilo katika daftari lake, naye mkulima hupewa stakabadhi, au risiti kama tulivyozoea kuiita. Juu ya vyama vya msingi kuna chama kikuu cha KDCU, kilichoundwa mwaka 1990 kwa ajili ya Karagwe, nacho kinahudumia Karagwe na Kyerwa pia, ingawa Kyerwa ilifanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Sasa, ukifika msimu ambao kuna malipo ya pili, fedha hizo haziwezi kulifuata gunia, kwa sababu gunia limekwisha kwenda zamani. Zinayafuata maandishi. Kilo zako zilizoandikwa ndizo zitakazolipwa, na kilo zilizopotea katika maandishi zimepotea kama zilizomwagika njiani.

Tena kuna jambo la butura. Mkulima anayeuza kahawa ingali ua mtini, kwa fedha kidogo za haraka, mara nyingi hajui mwaka jana alivuna kilo ngapi jumla. Anajua alikwenda mizani mara nne, mara tano, basi. Serikali imeikataza butura, lakini katazo halimwambii mtu thamani ya shamba lake. Daftari lake mwenyewe humwambia.

Haya, fungueni madaftari. Pigeni mistari ya kusimama mitatu, mpate safu nne. Safu ni ile inayosimama kutoka juu kwenda chini. Mstari ni ule unaolala kutoka kushoto kwenda kulia. Safu ya kwanza ni ya namba ya mstari, ya pili ni ya namba ya mwanachama, ya tatu ni ya aina ya kahawa, na ya nne ni ya kilo. Nitasoma polepole, na mwalimu ataandika ubaoni. Hizi ni hesabu za mfano tu, za siku moja, katika kituo chochote cha kununulia.

Mstari wa 1: mwanachama 14, robusta, kilo 62
Mstari wa 2: mwanachama 31, robusta, kilo 45
Mstari wa 3: mwanachama 14, arabika, kilo 20
Mstari wa 4: mwanachama 07, robusta, kilo 118
Mstari wa 5: mwanachama 31, robusta, kilo 38
Mstari wa 6: mwanachama 52, arabika, kilo 27
Mstari wa 7: mwanachama 14, robusta, kilo 55
Mstari wa 8: mwanachama 07, arabika, kilo 16

(Mwalimu asimamishe redio mpaka wote wamemaliza kuandika.)

Hii ndiyo orodha ya siku. Imeandikwa kwa kufuata jinsi watu walivyofika, wala haikupangwa kwa namna nyingine. Karani mwema hawezi kuiandika vingine, maana watu hawafiki kwa kufuata namba zao. Sasa tuiulize orodha hii maswali matatu, na kwa kila swali tuone linataka umbo gani.

Swali la kwanza: ghala limepokea kilo ngapi leo? Kwa swali hili kisanduku kimoja kinatosha. Chora kisanduku pembeni, andika ndani yake sifuri. Soma mstari wa kwanza: 62. Futa sifuri, andika 62. Mstari wa pili ni 45, kwa hiyo kisanduku sasa ni 107. Endeleeni hivyo: 127, 245, 283, 310, 365, na mwisho 381. Ghala limepokea kilo 381. Hamkutazama namba ya mwanachama, wala hamkutazama aina. Mlitazama safu moja tu, ile ya kilo. Ukimpa mtu daftari kubwa lenye kurasa za watu mia tatu ili ajibu swali hili dogo, umemchosha bure.

Swali la pili: robusta ni kilo ngapi, na arabika ni kilo ngapi? Kisanduku kimoja hakifai tena, kwa kuwa aina hizi mbili huuzwa kwa bei mbalimbali, na kilo zikishachanganyika katika jumla moja hakuna awezaye kuzitenga. Kwa hiyo chora visanduku viwili. Juu ya kimoja andika robusta, juu ya kingine andika arabika, na ndani ya vyote viwili andika sifuri. Sasa kila mstari una mambo mawili ya kutazama: kwanza aina, ili ujue ni kisanduku gani, kisha kilo, ili ujue uongeze ngapi. Robusta: 62, 107, 225, 263, 318. Arabika: 20, 47, 63. Jumlisheni 318 na 63. Mmepata ngapi? Mmepata 381, ambayo ndiyo jumla ya kwanza. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Umbo hili la visanduku vichache ni zuri sana pale unapovijua visanduku vyote kabla ya kuanza. Mwaka 1890, huko Marekani, watu zaidi ya milioni 62 walihesabiwa, nayo hesabu yao ilifanywa kwa mashine iliyobuniwa na Herman Hollerith. Kila mtu alikuwa na kadi yake iliyotobolewa matundu: tundu hapa kama ni mwanamume, pale kama ni mwanamke, na kadhalika. Mashine ilikuwa na nyuso nyingi zenye mshale, kama nyuso za saa, na kadi ilipopita, mshale wa kila uso uliohusika ulisogea hatua moja. Nyuso hizo ndizo visanduku vyetu. Kazi ilikwenda upesi kwa sababu maswali yalikuwa yamejulikana mapema na kila jibu lilikuwa na uso wake ukilingoja.

Lakini si kila wakati tunajua majibu mapema. Na hapa ndipo linapoingia swali la tatu, ambalo ndilo letu hasa: kila mwanachama ameleta kilo ngapi?

Asubuhi karani hajui nani atafika. Chama chaweza kuwa na wanachama mia tatu, na siku hiyo wakafika kumi na wawili. Mmoja aweza kufika mara tatu kwa siku, kwa sababu ana baiskeli moja na magunia matatu. Visanduku vya kuchora pembeni vitajaa, vitabanana, na mwisho karani mwenyewe hatajua kisanduku kipi ni cha nani. Kwa swali hili dawa ni ukurasa wa kila mtu. Hili ndilo daftari ambalo makarani huliita leja.

Twende pamoja. Mstari wa kwanza ni wa mwanachama 14. Je, ana ukurasa? Hana bado. Fungua ukurasa, juu yake andika 14, na uanze na sifuri. Kisha ongeza 62. Mstari wa pili, mwanachama 31. Hana ukurasa, fungua, anza na sifuri, ongeza 45. Mstari wa tatu, mwanachama 14 tena. Je, ana ukurasa? Anao! Basi usifungue mwingine. Rudi kwenye ule ule, uongeze 20. Na hivyo mpaka mwisho.

Angalieni, kila mstari huanza na swali lile lile: je, huyu ana ukurasa? Karani aliyechoka, jua limezama, foleni ndefu, aweza kuliruka swali hili. Atafungua ukurasa wa pili wa mwanachama 14, na kuandika humo zile kilo 55 za mstari wa saba. Hakuna kilo iliyopotea bado. Zote zimo ndani ya daftari. Lakini siku ya malipo, karani mwingine afungua daftari, atafuta 14, aona ukurasa mmoja, alipa, afunga. Tuseme malipo ya pili ni shilingi 300 kwa kilo ya robusta. Mwanachama 14 ana robusta kilo 62 na kilo 55, yaani kilo 117, na haki yake ni shilingi 35,100. Ukionekana ule ukurasa wa pili peke yake, atalipwa kwa kilo 55, nazo ni shilingi 16,500. Shilingi 18,600 zimebaki katika ukurasa ambao haukufunguliwa. Hakuna aliyeiba. Mama huyu atarudi nyumbani na moyo mzito, naye karani ataapa, tena kwa haki, kwamba amelipa kama ilivyoandikwa.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo, nayo ni ya watu wawili kuwekwa katika ukurasa mmoja. Hutokea pale ambapo juu ya ukurasa pameandikwa jina. Majina ya ubatizo tunayapenda yale yale, na majina ya ukoo pia hufanana. Katika kijiji kimoja unaweza kuwapata akina Anastazia watatu, na wawili kati yao baba zao wana jina moja. Kilo za wote zikiingia ukurasa mmoja, wa kwanza kufika siku ya malipo ndiye atakayezichukua. Kwa sababu hiyo vyama hutoa namba ya mwanachama. Namba haina uzuri wa jina, lakini watu wawili hawaishiriki. Ukipimiwa kahawa, tazama risiti yako kabla hujaondoka. Hakikisha kilo, na hakikisha namba pia. Wengi hutazama kilo tu.

(Mwalimu asimamishe redio. Wanafunzi wamalize kurasa nne: 14, 31, 07 na 52.)

Haya, tulinganishe. Mwanachama 14 ana kilo 137. Mwanachama 31 ana kilo 83. Mwanachama 07 ana kilo 134. Mwanachama 52 ana kilo 27. Lakini ngojeni kidogo. Zile 137 za mwanachama 14 ni robusta ngapi? Aliyechanganya hawezi kujibu mpaka airudie orodha. Kwa hiyo ukurasa wa kila mtu nao ugawanywe uwe na safu mbili, ya robusta na ya arabika. Yaani tumechukua vile visanduku viwili vya swali la pili, tukavitia ndani ya kila ukurasa wa swali la tatu. Mwanachama 14: robusta 117, arabika 20. Mwanachama 31: robusta 83, arabika hakuna. Mwanachama 07: robusta 118, arabika 16. Mwanachama 52: robusta hakuna, arabika 27.

Pale ambapo hakuna kitu, andikeni sifuri au pigeni kistari. Msipaache patupu. Patupu pana maana mbili: yaweza kuwa hakuleta, na yaweza kuwa karani hakuandika. Kistari kina maana moja.

Kuna swali ambalo nililetewa na mwanafunzi wa darasa moja la Kyerwa, nami nililipenda. Aliuliza: je, daftari hili nilipige namba za kurasa kabla, 1 mpaka 300, au nifungue kurasa kadiri watu wanavyokuja? Jibu latokana na namba zenyewe. Kama namba za wanachama zinaanza 1 na kwenda mfululizo mpaka 300, basi piga namba kabla. Mwanachama 52 yuko ukurasa wa 52. Huna haja ya kutafuta, kidole chaenda moja kwa moja. Lakini kama mnatumia namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo ina tarakimu ishirini, hakuna daftari duniani lenye kurasa za kuitosha. Hapo fungueni kurasa kwa kadiri ya watu wanaofika, na mwanzoni mwa daftari wekeni orodha ya kuonyesha: namba fulani, ukurasa fulani. Orodha hiyo ya mbele yaitwa faharasa. Ni kazi ya nyongeza, kweli, maana kila mtu atafutwa mara mbili, kwanza katika faharasa, kisha katika ukurasa. Lakini hakuna karatasi inayopotea bure.

Tena iko njia ya nne, nayo haitaki daftari kabisa. Chukua vishina vyote vya risiti vya siku, kaa juu ya mkeka, vipange kwa namba za wanachama kama mnavyochambua maharage: vya 07 pamoja, vya 14 pamoja, vya 31 pamoja. Ukimaliza kupanga, kisanduku kimoja kinatosha. Anza na sifuri, jumlisha vya 07. Namba ikibadilika, andika jumla, rudi kwenye sifuri, endelea na vya 14. Vishina vikiwa vichache, mimi napenda njia hii kuliko zote, kwa kuwa hata mtu aliyejua kusoma juzi aweza kuifuata kwa macho. Ubaya wake ni kwamba lazima usubiri siku iishe. Mtu akija saa nane mchana kuuliza jumla yake, huna la kumjibu, hali leja ingalimjibu papo hapo. Na upepo ukija juu ya mkeka, hayo mwayajua wenyewe.

Sasa nirudi kwenye jambo nililowaambia mlikumbuke. Chukueni kurasa nne, mjumlishe: 137, na 83, na 134, na 27. Mmepata 381. Orodha ya siku ilitupa 381. Visanduku viwili vilitupa 381. Njia tatu zimefika mahali pamoja. Kama kurasa zingetupa 361, tungejua kwamba kilo 20 zimeachwa, na tungeanza kutafuta mstari wenye kilo 20. Upo mmoja, mstari wa tatu. Basi makosa yangeonekana siku ile ile, wakati kahawa ingali ghalani na kumbukumbu ingali mpya, si baada ya miezi sita.

Lakini jaribio hili lina upungufu wake, nanyi mjue. Zile kilo 55 zilizoandikwa katika ukurasa wa pili wa mwanachama 14 hazitaonekana kwa njia hii, maana jumla kuu itabaki 381. Wala Anastazia wawili katika ukurasa mmoja hawataonekana. Jumla kuu hugundua kilo zilizopotea. Haigundui kilo zilizoketi mahali si pake. Kwa hizo kuna dawa moja tu: mwanachama mwenyewe, na risiti zake, na daftari lake dogo la nyumbani.

Kwa sababu hiyo orodha ya siku isitupwe hata kama leja imekamilika. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha huko Venice kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka vitabu vyao. Vilikuwa vitatu. Cha kwanza kiliandikwa mambo yote kama yalivyotokea, na mtu yeyote wa nyumba aliyekuwapo. Cha pili kilipanga mambo yale kwa utaratibu wa siku. Cha tatu kilikuwa leja, cha kurasa za watu na vitu. Hakuna kimoja kilichofanya kingine kiwe bure, kwa maana leja hujibu upesi, lakini kitabu cha siku ndicho shahidi. Ukiulizwa hizi kilo 117 zimetokaje, leja peke yake imenyamaza. Orodha yasema, mstari wa kwanza na mstari wa saba.

Najua vijana walio hapo darasani wananong'ona: Mwalimu, siku hizi kuna kompyuta. Ni kweli. Mwaka 2022, tulipohesabiwa Tanzania nzima, makarani walikuja na vishikwambi, tukapatikana watu 61,741,120. Lakini kompyuta haichagui umbo. Mtu anayeiandikia maagizo, yaani programu, ndiye anayechagua, na machaguo yake ni yale yale tuliyoyachora leo: kisanduku kimoja, visanduku vyenye namba mfululizo, au kurasa zenye kichwa chochote. Mwaka 1977, katika maabara za Bell huko Marekani, watu watatu, Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan, walitunga lugha ndogo ya kuiagiza kompyuta kazi za safu na mistari kama hizi zetu. Waliipa jina la awk, kwa herufi za kwanza za majina ya koo zao. Ukiiambia awk iongeze kilo katika ukurasa wa 14, na ukurasa huo haujakuwapo, itaufungua yenyewe na kuanza na sifuri. Lugha nyingine, Python, iliyotoka mwaka 1991, umbo hilo la kurasa huliita kwa neno lenye maana ya kamusi. Nayo ni kali zaidi: ukiitaka iongeze katika ukurasa ambao haupo, bila kuielekeza la kufanya, itasimama na kulalamika. Watu huuliza ipi ni bora. Kwa maoni yangu karani anayelalamika ni mwema kuliko anayefungua kurasa kimya kimya, maana namba ikikosewa, 14 ikaandikwa 41, huyu wa kimya atamfungulia ukurasa mtu ambaye hayupo.

Tena kompyuta haina akili ya jirani. Mmeona kwamba nimemwandika mwanachama 07 kwa sifuri mbele. Karani wa kijijini akiandika leo 07 na kesho 7, atajua ni mtu mmoja, kwa kuwa anamjua na baba yake anamjua. Kompyuta iliyoambiwa kwamba kichwa cha ukurasa ni maneno itafungua kurasa mbili. Hali kadhalika safu ya kilo: mkiandika 1,240 kwa alama ya mkato, kama tulivyozoea, ile awk itasoma mpaka kwenye mkato na kusimama, ihesabu kilo moja. Kilo 1,239 zimekwenda, wala hakuna aliyeonywa. Na mkiandika neno kilo mbele ya tarakimu, itahesabu sifuri. Kwa hiyo katika safu ya kilo wekeni tarakimu tupu. Neno kilo liandikwe mara moja tu, juu kabisa, kichwani mwa safu.

Basi, zoezi la juma hili. Andikeni orodha ya siku ya pili, chini ya ile ya kwanza.

Mwanachama 52, robusta, kilo 70
Mwanachama 14, robusta, kilo 41
Mwanachama 31, arabika, kilo 33
Mwanachama 07, robusta, kilo 66
Mwanachama 90, robusta, kilo 29

Endeleeni na kurasa zile zile za leo. Msianze upya. Tafuteni robusta yote ya mwanachama 14 kwa siku mbili, kisha malipo yake ya pili kwa shilingi 300 kila kilo. Tafuteni ni ukurasa gani mpya mmelazimika kuufungua. Na wale wenye risiti zao za kweli za msimu uliopita, wazilete darasani Jumatano, wazipange juu ya mkeka kama nilivyoeleza, wapate jumla ya kila aina. Mtu asilazimishwe kuonyesha jumla yake kwa wenzake. Hiyo ni mali yake.

Kurasa zenu zote zikijumlishwa kwa siku mbili zitoe kilo 620. Zikitoa 591, tazameni kama mwanachama 90 amepata ukurasa.

Kwaherini.